Kuvua besi asubuhi ukiwa ukingoni: anzia miguuni pako kabla hujarusha mbali

Watu wengi tukifika ziwani alfajiri tunafanya kitu kilekile, tunatembea moja kwa moja mpaka maji yaguse viatu, tunavuta fimbo nyuma kwa nguvu zote na kurusha chambo mbali kadiri mkono unavyoweza. Mi mwenyewe nimevua hivo miaka kibao. Mpaka asubuhi moja nashuka kwenye ukingo wa nyasi, ndo kwanza kunapambazuka, nikakanyaga jiwe likagonga jiwe lenzake, na pale pale mbele ya kidole changu cha mguu, mahali maji hayafiki hata goti, mgongo mweusi ukageuka na maji yakajikunja kama shuka linavyovutwa, ule mkunjo ukanyooka moja kwa moja kuelekea kwenye kina ukapotea. Alikuwa besi mkubwa kuliko wote niliowapata mwaka ule. Alikuwa hatua moja kutoka nilipo na mi nilikuwa napanga kurusha mita thelathini mbele.

Kwahiyo mwongozo huu wote umesimama hapo. Ukivua kutoka nchi kavu, maji yako ya thamani kabisa ni yale yaliyo karibu yako, na asubuhi ndo muda samaki wanakuwa hapo.

Tunayemuongelea ni besi wa mdomo mkubwa. Ni wa kijani kijani mgongoni, ana mstari mweusi uliokatikakatika ubavuni, na akifunga mdomo taya la juu linapita nyuma ya jicho, hapo ndo unamtofautisha na ndugu yake wa mdomo mdogo. Asili yake ni Amerika Kaskazini ila watu wamempandikiza maziwa mengi sana duniani, yuko Biwa kule Japani, yuko Naivasha Kenya. Rekodi ya dunia ni kilo 10 na kidogo, wanayo watu wawili, George Perry aliyempata wake Georgia, Marekani, mwaka 1932, na Manabu Kurita aliyempata wake Biwa mwaka 2009, wakahesabiwa wamelingana manake tofauti ya uzito ilikuwa ndogo mno. Nakutajia ujue anaweza kufika wapi, lakini asubuhi ya kawaida ukingoni unatafuta samaki wa nusu kilo mpaka kilo moja na nusu, na ukipata wa kilo mbili umefanya kazi kubwa, furahi.

Hatua ya 1: malizana na vifaa usiku

Usiache kufunga ndoano mpaka ufike kule. Gizani utafunga fundo baya, na fundo baya linakatika siku samaki mzuri amekuja. Pia angalia mapema kama ziwa lako linataka leseni, kama kuna msimu uliofungwa na kipimo cha samaki anayeruhusiwa kubebwa, kila ziwa lina sheria zake, jua za kwako.

Vifaa si vingi. Fimbo moja ya mita 2 mpaka 2.1 yenye ugumu wa kati, rili (kile kifaa cha kukunjia mshipi) ya kawaida ya spinini saizi 2500 hivi, na mshipi wa nailoni au fluorokaboni wa ratili 8 mpaka 12. Fluorokaboni inazama na haionekani sana majini, nailoni inazama polepole zaidi na inavutika, ni nzuri kwa vyambo vya juu ya maji. Ziwa likiwa na magugu mengi, weka mshipi wa kusuka wa ratili 20 na mbele yake unganisha fluorokaboni kama mita moja na nusu. Breki ya rili ikaze mpaka ukivuta mshipi kwa mkono uwe unatoka kwa shida kidogo, kama robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi wako. Watu wanaikaza mpaka mwisho afu wanalaumu mshipi.

Vyambo mi nabeba aina tatu tu: popa moja, yaani chambo cha kuelea kinachopiga kelele juu ya maji, spinabeti moja ya gramu 10, yaani chambo cha waya chenye majani ya chuma yanayozunguka, na pakiti ya minyoo ya plastiki ya sentimita 12 hivi. Rangi usiumize kichwa sana, maji meupe chukua za asili, kijani cha malenge au kahawia, maji machafu au giza chukua nyeusi yenye bluu. Ongeza koleo la mdomo mrefu, kikata mshipi, na miwani ya polaroidi. Miwani ni kifaa cha uvuvi kama fimbo, inaondoa ule mng'ao juu ya maji ukaona magogo na mashimo na samaki wenyewe, na inalinda macho chambo chenye ndoano tatu kikichomoka kwenye gugu kikarudi usoni kwako.

Fundo ninaloliamini ni palomari. Unakunja mshipi uwe mara mbili kama sentimita 15, unapitisha kile kitanzi kwenye tundu la ndoano, unafunga fundo la kawaida tu lakini legevu, ndoano ikining'inia katikati, afu unaipitisha ndoano yote ndani ya kitanzi. Sasa kabla hujavuta, lowesha kwa mate. Usiruke hapo. Mshipi mkavu ukijisugua wenyewe unapata joto na unadhoofika, hutaona kwa macho ila samaki ataona. Vuta polepole pande zote mbili, kata mkia ubaki milimita tatu, basi.

Mnyoo wa plastiki nauvisha kwa mtindo wa Texas, yaani ncha ya ndoano imefichwa ndani ya plastiki ili isishike magugu. Chubwi yenye umbo la risasi, gramu 3.5 mpaka 7, inaingia kwanza kwenye mshipi, ncha yake ikiangalia fimbo, chini yake unafunga ndoano yenye shingo iliyopinda namba 3/0. Chomeka ncha kwenye kichwa cha mnyoo nusu sentimita, itoe ubavuni, vuta mpaka kichwa kikae kwenye ile shingo, geuza ndoano, laza mnyoo pembeni yake uone kipindo kinaangukia wapi, chomeka hapo hapo itokee upande wa pili, afu ncha irudishe kidogo chini ya ngozi. Mnyoo ukining'inia umenyooka kama uzi wenye timazi uko sawa. Ukijipinda utazunguka majini kama feni na utakusokota mshipi asubuhi nzima, vua uvishe upya, usione uvivu.

Hatua ya 2: fika kabla ya jua

Nusu saa kabla jua halijachomoza uwe umeshasimama. Sababu ipo. Besi anaona vizuri kwenye mwanga hafifu kuliko samaki wadogo anaowala, kwahiyo saa hiyo ana faida juu yao, anasogea maji mafupi kuwinda kando ya majani na mawe. Jua likipanda ile faida inapungua anarudi kivulini au kwenye kina. Unapata kama saa moja na nusu ya dhahabu, siku ya mawingu inaweza kurefuka sana. Maji yakiwa kati ya nyuzi 18 na 27 anachangamka, yakishuka chini ya 10 anakuwa mzito na anataka chambo kinachotambaa kama hakitaki kufika.

Hatua ya 3: simama nyuma

Hii ndo hatua yenyewe. Ukiwa hatua tano au sita kutoka kwenye maji, simama. Usiende. Weka begi chini taratibu, usilitupe. Samaki ana mstari ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, na ardhi ya ukingo inapeleka kishindo cha mguu ndani ya maji vizuri sana, kwahiyo ukitembea kama unawahi gari ameshajua umekuja. Tochi usimulike majini. Kivuli chako nacho kiangalie jua likianza kutoka, kisitangulie mbele yako.

Sasa tazama dakika mbili tatu bila kurusha kitu. Unatafuta visamaki vinavyoruka ghafla kwa pamoja, vinakimbia kitu. Unatafuta tete moja linalotikisika wakati mengine yametulia na upepo haupo, hapo chini kuna mtu anapita. Unasikiliza ile sauti ya "chwap", kama mtu anabusu hewa, besi amekula kitu juu ya maji.

Hatua ya 4: mrusho wa kwanza unaenda pembeni

Ukiwa bado nyuma, rusha sambamba na ukingo, chambo kitembee mita moja mpaka mbili kutoka kwenye nchi kavu, umbali mrefu iwezekanavyo kulia, afu kushoto. Fikiria kidogo, ukirusha katikati ya ziwa chambo chako kinapita kwenye eneo la samaki sekunde chache tu mwanzoni au mwishoni, njia nzima iliyobaki kinaogelea mahali patupu. Ukirusha pembeni kinakaa eneo lake toka kinatua mpaka kinakufikia. Ni kweli mshipi utalala juu ya nyasi na utapoteza chambo kimoja kimoja, kubali.

Ukishamaliza pembeni ndo ufungue kama feni, mrusho mmoja mshazari, mwingine mshazari zaidi, mpaka mbele moja kwa moja, afu sasa unaweza kusogea mpaka kwenye maji. Ukikuta kitu cha pekee kirudie mara tatu nne kwa pembe tofauti: mti ulioanguka majini, kona ya gati, mdomo wa kijito, mahali mawe yanageuka kuwa mchanga, tundu katikati ya magugu. Besi anapenda mpaka, mahali kitu kimoja kinaisha kingine kinaanza. Ukingo ulionyooka usio na kitu, pita haraka.

Hatua ya 5: popa kwanza, mnyoo baadaye

Giza likiwepo na maji yametulia anza na popa. Rusha, afu usiguse. Ngoja yale mawimbi ya duara yaliyozaliwa na mtuo yaishe kabisa. Piga ncha ya fimbo chini mara moja fupi, popa inasema "blop", legeza mshipi, ngoja tena. Mara nyingi anakula ikiwa imesimama, ndo mana ukiwa na haraka unampita. Na akipasua maji, ule mshtuko utakuambia vuta! Usivute. Subiri mpaka usikie uzito kwenye fimbo ndo uinue, la sivyo unamnyang'anya mdomoni. Ni nusu sekunde tu lakini ndo ngumu kuliko yote kwenye uvuvi huu, mpaka leo moyo wangu unaruka.

Upepo ukianza kukunja maji, badili spinabeti, ivute mfululizo kwa mwendo ambao unahisi majani yake yanatetema kwenye kiganja, na mara moja moja isimamishe kidogo ikiwa kando ya gogo.

Mnyoo unakuja pale vingine vimenyamaza, na kusema ukweli ndo unaonipatia samaki wengi zaidi. Rusha, acha rili wazi kidogo mnyoo uzame wima, angalia mshipi pale unapoingia majini. Sio fimbo, mshipi. Ukigusa chini mshipi unalegea. Funga rili, inua fimbo kutoka usawa wa kiuno mpaka usawa wa kichwa polepole, ishushe huku ukiufuata mnyoo unavyoanguka, zungusha rili kula ulegevu, pumzika, rudia. Wengi wanakula mnyoo ukiwa unaanguka na huwezi kuhisi vizuri mshipi ukiwa umelegea, unaona tu. Dalili ni hizi: mshipi unaruka kidogo kama umeguswa na mdudu, au unaanza kutembea pembeni wenyewe, au umeacha kuzama mapema wakati unajua hapo ni kina. Wakati mwingine ni "tk" moja ndani ya mkono, nyepesi sana, kama mtu kagonga meza ya chumba cha pili.

Ukiona mojawapo, shusha fimbo, kula ulegevu wote, afu piga juu kwa mkono na kiuno kwa pamoja, maana ncha inatakiwa ipenye plastiki kwanza ndo ifike kwenye taya. Ukiwa na shaka, piga. Kupiga bure hakuna gharama.

Hatua ya 6: mlete

Fimbo ikae imepinda muda wote, huo mpindo ndo unaomshika. Akikimbilia magogo mbane, laza fimbo upande wa pili umgeuze kichwa. Ukiona mshipi unapanda kwa kasi anakuja kuruka, shusha ncha ya fimbo iwe karibu na maji, manake akitikisa kichwa hewani na mshipi umenyooka juu anaitema ndoano. Akitaka kwenda, breki iache ilie, mwache aende, usishike kikombe cha rili kwa hofu. Pale karibu na miguu yako ndo atakimbia mara ya mwisho, kuwa tayari, wengi wamepotea hapo.

Lowesha mkono kwanza. Ngozi ya samaki ina ute unaomkinga na vijidudu, mkono mkavu na mchanga wa ukingoni vinaufuta, ndo mana usimburute juu ya ardhi. Mshike kwa kidole gumba ndani ya mdomo, kwenye taya la chini, meno yake ni madogo kama msasa, yatakukwaruza tu, ila kabla hujaingiza kidole hakikisha unaona ndoano zote za chambo ziko wapi. Mdogo anaweza kuning'inia wima kwa taya. Mkubwa usimlaze hewani kwa taya peke yake, uzito wote unaangukia kwenye kiungo kimoja cha mdomo na kinaweza kuumia, weka mkono wa pili chini ya tumbo.

Ndoano inyofoe kwa koleo kwa njia ileile iliyoingilia. Mi makengee ya ndoano zangu, vile vijino vya nyuma ya ncha vinavyozuia isitoke, nayabana kwa koleo nyumbani yawe bapa, samaki wachache wananiponyoka, lakini kumfungua ni sekunde mbili, na ikiwahi kuingia kwenye kidole changu inatoka kama ilivyoingia. Ameimeza mpaka kooni na huioni vizuri? Usichokonoe. Kata mshipi karibu na ndoano umwachie, ana nafasi nzuri zaidi hivyo kuliko ukimchana koo.

Picha sawa, lakini kila kitu kiwe tayari kabla hajatoka majini. Kipimo changu ni pumzi, nabana yangu akitoka, nikihitaji kuvuta hewa na yeye anahitaji maji. Mrudishe ukimshika wima majini mpaka avute mkia mwenyewe, usimtupe. Kama ni msimu wa kutaga, maji yakifika nyuzi 15 mpaka 20 hivi, utaona mashimo meupe ya duara kwenye maji mafupi na dume amesimama juu yake analinda. Huyo mimi namwacha kabisa, ukimtoa hata dakika chache samaki wadogo wanavamia mayai. Kama sheria inaruhusu kubeba wa kula, chukua wa wastani, wale wakubwa wengi ni majike na wamechukua miaka mingi kufika pale.

Hatua ya 7: jua likishapanda

Sasa wamehama, hawajaacha kula. Tafuta kivuli: chini ya gati, chini ya matawi yaliyoinamia maji, ndani ya magugu mazito. Ondoa chubwi yote, mnyoo uchome ndoano katikati ya kiwiliwili pande zote zibaki huru, mtindo wa waki wanauita, urushe ndani kabisa ya kivuli, acha uzame wenyewe ukitetemeka huku na huku, ukifika chini utikise mara mbili, utoe, rusha kivuli kinachofuata. Polepole kuliko unavyodhani ni polepole. Ukisikia radi hata ya mbali, laza fimbo uondoke kwenye maji, fimbo ya kaboni inapitisha umeme.

Kabla ya kuondoka okota kila kipande cha mshipi, chako na ulichokikuta, ndege wanajifunga miguu wanakufa taratibu. Toa majani na matope kwenye viatu na vifaa vyako, vikauke kabisa kabla ya kwenda ziwa lingine, na usihamishe samaki hai kutoka ziwa moja kupeleka jingine hata kama ni wawili tu, besi akiingia mahali hapakuwa naye anaweza kumaliza samaki wadogo wa asili.

Afu ukiwa bado una harufu ya ziwa mikononi andika mistari miwili kwenye simu: upepo, rangi ya maji, chambo, na alikula akiwa umbali gani kutoka ukingoni. Hicho cha mwisho ndo usisahau. Ya kwangu ya mara ya mwisho inasema hivi: mawingu, maji ya kijani, mti ulioanguka, mnyoo mweusi, wawili, wa kwanza mita nne, wa pili alifuata mnyoo mpaka nikawa nautoa, akala hatua mbili kutoka kwenye nyasi nilipokuwa nimepiga goti.